Rangi ya Pera, Rangi ya Jakaranda: Kuchagua Verni ya Ndoa kwa Kiswahili

Katika Kiswahili, vivumishi vya rangi vinavyokubali upatanisho wa ngeli ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hayo, na mara nyingi anayaacha hapohapo kwenye daftari. Makala hii inaeleza yanayotokea pale wanawake sita wa miji minne wanapolazimika kununua verni ya kucha kwa ajili ya ndoa moja, na rangi zinazotakiwa hazimo katika zile tatu wala haziko karibu nazo.

Bibi arusi ni yaya yangu, binti wa baba mkubwa. (Kwetu Lubumbashi yaya ni ndugu anayekutangulia kuzaliwa, huko Dar es Salaam yaya ni mlezi wa watoto anayelipwa mshahara, na jambo hilo lilitupa kicheko cha siku mbili.) Wasindikizaji wake walikuwa sita: watatu wa hapa mjini, mmoja wa Kolwezi, mmoja wa Bukavu, na mmoja wa Dar es Salaam, binti wa shangazi aliyeolewa huko zamani. Kamati ya ndoa iliandika ujumbe kwa Kifaransa: watatu wapake «rose pâle», watatu wapake «lilas», zote ziwe «pastel». Kila mmoja ajinunulie chupa yake kabla ya safari. Lakini binti wa shangazi hajui Kifaransa. Picha ya simu haikusaidia, maana kila kioo cha simu kina mwanga wake, na lila ya simu yangu ilikuwa karibu na buluu kwenye simu ya mama. Yeye mwenyewe alikuwa amemwambia yaya kwamba hataki kuonekana mgeni katika picha za ukoo wake. Basi kamati ikanigeukia mimi, kwa hoja kwamba ninasoma lugha: nigeuze ujumbe ule uwe Kiswahili ambacho wote sita watakielewa sawasawa.

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Ilichukua juma zima, na sehemu kubwa ya juma hilo ilikwenda kwenye neno «pâle».

Kupauka, kufifia, kuchujuka

Mjomba mmoja wa kamati alipendekeza mara moja: «rangi zilizopauka». Kamusi inamuunga mkono. Jibu la Dar es Salaam lilifika kabla chai haijapoa: «Dada, vidole vilivyopauka ni vya mtu aliyekosa mafuta. Niende harusini nimepauka?»

Ana haki. Kupauka ni ngozi ya mtoto aliyeoga mtoni akakauka juani bila kupakwa kitu. Ni ukuta ulioliwa na mvua. Tukajaribu mengine. Kufifia ni taa inayokaribia kuzima. Kuchujuka ni kitenge kilichofuliwa mara nyingi kikaacha rangi yake ndani ya beseni. Kuparara ni kibaya kuliko vyote. Angalia mpangilio wa maneno haya: yote ni vitenzi, na yote yanasimulia hasara. Yanasema kwamba rangi ilikuwepo, ikaondoka. Kwa upande mwingine, vitenzi vya rangi nzito vinasifu. Rangi hukolea kama chumvi katika mchuzi. Rangi huiva kama tunda. Fundi huikoza nguo. Katika lugha yetu rangi nzuri ni ile iliyofika, na rangi hafifu ni ile iliyoshindwa kufika au iliyochoka.

Tanakali zinaonyesha mwelekeo huohuo. Nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu pyu. Hizi zote zinaisukuma rangi hadi ukomo wake, hadi pasibaki shaka. Hakuna mwenzake «pe» anayesema «nyekundu, lakini kidogo tu, kwa upole». Kwa upole tunatumia njia nyingine, nayo ni kurudia neno: nyekundu nyekundu ni kitu chenye wekundu kwa mbali, kijani kijani ni kitu kinachoelekea ukijani. Njia hiyo inafaa kwa mazungumzo, lakini inaeleza kukaribia rangi, haielezi wororo. Tope la Katanga ni jekundu jekundu, na hakuna bibi arusi anayetaka kucha za tope.

Vivumishi «hafifu» na «nyepesi» viliteteana kwa muda. Hafifu ni la kitabuni na lina harufu ya dhaifu. Nyepesi lilielekea kukubalika, mpaka dada wa Kolwezi akauliza kama maana yake ni verni yenye maji mengi. Kwa fundi wa kucha hilo ni swali halali kabisa: verni nyepesi ni ile inayotiririka kutoka kwenye brashi.

Hapo ndipo nilipoona ni afadhali kuuliza pasteli yenyewe ni nini, kabla ya kuitafutia neno.

Unga mweupe

Neno limetoka Kiitalia, pastello, kutoka pasta, yaani kinyunga. Wachoraji walisaga rangi, wakaichanganya na chokaa nyeupe na gundi kidogo, wakaikanda na kuifinyanga vijiti vya kuchorea. (Kifaransa kinaita pastel pia mmea uliotoa buluu ya kutia nguo, na biashara yake iliutajirisha mji wa Toulouse katika karne za 15 na 16. Ni ukoo uleule wa neno, kwa sababu majani yake nayo yalisagwa na kukandwa.) Kwa hiyo pasteli haikupoteza kitu chochote. Ni rangi iliyoongezewa kitu: imetiwa nyeupe.

Ndani ya chupa ya verni mambo ni hayohayo. Verni ya kawaida ni nitroselulosi iliyoyeyushwa katika vimiminiko vinavyoruka haraka, asetati ya ethili na asetati ya butili. Ndizo zenye ile harufu kali inayojaza chumba. Vimiminiko vikisharuka, unabaki utando mgumu juu ya ukucha, na ndani ya utando kuna chembe za rangi. Katika verni nyekundu chembe nyingi ni za rangi yenyewe. Katika pasteli sehemu kubwa ni dioksidi ya titani, unga mweupe sana unaotumika pia katika rangi za nyumba, na rangi yenyewe ni kidogo tu juu yake. Unga huo huficha vizuri kilicho chini, lakini usipotandazwa sawasawa huacha michirizi, na macho huiona michirizi ya weupe haraka kuliko ya wekundu. Ndiyo maana pasteli hupakwa tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikingojwa ikauke, na anayetaka kumaliza kwa tabaka moja nene atapata kucha zinazofanana na ukuta uliopakwa chokaa kwa ufagio. Wanaopaka kucha kando ya soko wanalijua hilo kwa mikono, hata kama neno titani halijawahi kupita mbele yao.

Kwa mwanaisimu, jambo lililonivutia ni kwamba lugha yetu ina jina tayari la kitendo cha kutia nyeupe. Tunalitumia kila asubuhi. Chai kavu na chai ya maziwa. Anayekunywa chai ya maziwa hasemi kwamba chai imepauka.

Rangi ya kitu

Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapa kitabu chao kuhusu maneno ya msingi ya rangi. Walidai kwamba lugha huongeza maneno hayo kwa utaratibu: kwanza nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, kisha kijani na manjano, na mwisho kabisa zambarau, waridi, chungwa na kijivu. Nadharia hiyo imekosolewa sana, na Kay mwenyewe aliirekebisha baadaye. Hata hivyo, Kiswahili kinakaa ndani yake kwa utulivu: vile vivumishi vitatu vya kweli ndivyo vitatu vya mwanzo wa orodha yao.

Rangi nyingine zote tumeziazima au tumezichukua kutoka kwenye vitu. Kijani ni majani. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa. Manjano ni ile bizari ya kupikia. Zambarau ni tunda linaloacha ulimi na rangi yake. Samawati ni anga, kupitia Kiarabu. Waridi ni ua. Hapa Kongo tumeongeza za Kifaransa, roze, ble, move, lila, na tunazitumia kama majina yasiyobadilika, sawasawa na zile za vitu: kucha za roze, nguo ya ble. Mpangilio haukuvunjika, mlango wa «ya» umepokea wageni tu.

Kumbe basi njia ya Kiswahili ya kuitaja rangi mpya inafahamika: tafuta kitu ambacho wasikilizaji wote wamekiona kwa macho. Ugumu unabaki kwenye neno «wote». Mauwa ya bustani za matajiri hayafai. Peshi, ambayo maduka ya Lubumbashi huandika kwenye chupa kwa Kifaransa, ni tunda ambalo wengi wetu tumelijua kwenye maji ya sukari ya chupa kuliko mkononi. Tulihitaji vitu vya Kolwezi, Bukavu, Lubumbashi na Dar es Salaam kwa pamoja.

Kwa roze tukapata pera, yaani ndani yake. Kwa lila tukapata jakaranda, ambayo kila Septemba na Oktoba huufunika mji wetu, na ambayo binti wa shangazi alisema anaijua vizuri. Nilisisitiza ua lililolala chini tangu jana, kwa kuwa lile la mtini bado ni kali mno. Mwalimu mmoja alinisomea rasimu akanikumbusha kwamba ua la jana limefifia, yaani nimerudi palepale nilipokimbia. Ni kweli, lakini neno kufifia halimo katika ujumbe, na anayelisikia ua hafikirii ngozi isiyo na mafuta.

Mkono unaopakwa

Ujumbe usingetosha kutaja rangi tu, kwa sababu rangi ya chupa si rangi ya mkono. Hapa inabidi kumtaja Michel-Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika karakana za Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyeusi ya nyuzi zake ni dhaifu. Akachunguza, akakuta nyeusi haina kosa; zilizoifanya ionekane dhaifu ni rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapa kitabu kuhusu kanuni hiyo: rangi mbili zikikaa jirani, kila moja husukuma nyenzake mbali nayo, katika mwanga na katika rangi.

Chukua kanuni hiyo uiweke mkononi. Ukucha ni kipande kidogo kilichozungukwa na ngozi pande zote. Ngozi ikiwa ya kahawia iliyokolea, pasteli yoyote huonekana nyeupe zaidi kuliko ilivyokuwa chupani. Ile iliyojaa unga mweupe huvuka mpaka ikaonekana kama chaki ya mwalimu iliyosahauliwa vidoleni. Roze yenye weupe mwingi na wekundu mchache huelekea kijivu. Kwa hiyo mwenye ngozi nzito asikatazwe pasteli, kama wanavyofanya baadhi ya mashangazi. Achague ile ambayo rangi yake bado inasikika chini ya maziwa, hatua moja mbele ya ile iliyompendeza dukani. Mwenye ngozi nyepesi anaweza kurudi hatua moja. Sita wetu hawakuwa wa ngozi moja, na hivyo chupa sita zenye jina moja zingetoa rangi sita tofauti. Hapo niliishauri kamati iache kutaka chupa moja na itake mikono inayofanana, na nadhani ndio ushauri wangu pekee uliokuwa na thamani ya fedha.

Kuijaribu ni rahisi: ukucha mmoja, tabaka mbili, kando ya kipande cha kitambaa cha nguo, nje ya duka mchana, na tena usiku chini ya taa. Balbu ya manjano huila lila ikawa kijivu, na taa nyeupe ya ukumbini huikausha roze. Gauni la yaya halikuwa jeupe pe, lilikuwa rangi ya pembe za ndovu. Karibu na kitambaa hicho chenye umanjano, lila husogea kuelekea buluu. Chevreul tena.

Neno moja la chupani lilinikera, nalo ni «chair», nyama au ngozi, kwa ile bejo ya kizungu. Wengine huandika «nude», uchi. Kwa yaya rangi ya ngozi ni ya kahawa yenye maziwa kidogo sana, na rangi ya ngozi ya dada wa Bukavu ni ya asali. Chupa ile si rangi ya ngozi ya mtu yeyote katika kamati yetu. Katika ujumbe niliandika «rangi ya ngozi yako mwenyewe» pale ilipohitajika, na Kiswahili kilinisaidia kwa kumilikisha.

Hina na wodi

Mambo mawili yalibaki, ambayo hayahusu lugha moja kwa moja ila yaliamua mengi.

Binti wa shangazi ni Mwislamu, na huko pwani alikuwa ametoka kwenye harusi nyingine na hina kwenye kucha zote kumi. Hina si utando. Rangi yake inaungana na ukucha wenyewe, kwa hiyo maji ya udhu yanaufikia ukucha. Verni ni ganda, na anayeswali huiondoa kabla ya kutawadha. Kwa hiyo yeye alipanga kupaka baada ya swala ya adhuhuri na kutoa kabla ya alasiri, au kupanga picha katikati. Na hina haitoki kwa asetoni. Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, hivyo ungengoja miezi kadhaa mpaka wekundu ule usogee na kukatwa. Lila nyembamba juu ya rangi ya chungwa inakuwa tope. Dawa ilikuwa tabaka moja ya nyeupe chini, kama fundi anavyotia chokaa kabla ya rangi ya ukuta, kisha lila mbili juu.

Yaya naye ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unawataka wanaogusa wagonjwa wasivae kucha za bandia, na kucha zao za asili zisifike nusu sentimita. Ndoa ni Jumamosi, zamu yake Jumatatu. Rafiki zake walimsukumia jeli, inayokaushwa kwa taa maalumu na kudumu majuma mawili. Aliikataa kwa sababu kuitoa ni kazi ya kuloweka na kukwangua, na kwa sababu umeme ukikatika Ijumaa jioni taa ile haitawaka. Alichukua verni ya kawaida, tabaka mbili za maziwa yenye tone la roze, kwenye kucha fupi. Nilizipenda kuliko zote. Kucha fupi huibeba pasteli vizuri, kwa sababu eneo ni dogo na michirizi haipati pa kukimbilia.

Ujumbe uliokwenda

Hatimaye niliandika hivi: «Dada zetu wapendwa. Watatu wa roze: tafuteni rangi ya ndani ya pera, iliyotiwa maziwa. Watatu wa lila: ua la jakaranda lililolala chini tangu jana, nalo limetiwa maziwa. Mtu asiangalie chupa, aangalie mkono wake. Mkono ukionekana umeshika chaki, ongezeni rangi.»

Bukavu ikajibu ndani ya saa moja: «Pera gani, ya ndani mwekundu ao ya ndani mweupe?» Mapera yote mawili yapo, na kwao lile jeupe ndilo la kwanza kumjia mtu kichwani. Nikaongeza neno «jekundu». Dar es Salaam ikajibu siku ya pili yake, baada ya kutembea madukani: «Nimeipata. Ni kama zambarau mtu akaitia maziwa ya unga.» Hakuhitaji jakaranda yangu, alichukua maziwa tu, akatafuta tunda lake.

Siku yenyewe, mikono mitano ilikaa pamoja bila shida. Mmoja wa hapa mjini alikuwa amenunua kwa jina la chupani na roze yake ikawa ya kijivu juu ya ngozi yake nyeusi nzuri. Alipakwa juu tabaka moja ya roze inayopenya mwanga, ikapata uhai. Katika chumba kile, wanawake wakipuliza vidole vyao, nilisikia «kucha za pera» mara tatu, bila neno rangi katikati, kama watu wanavyosema nguo ya chungwa. Na shangazi mmoja, ambaye hakuwa amesoma ujumbe wowote, aliinua kichwa mlangoni na kuuliza: «Na zile za maziwa, zimekauka?»